Bodi Ikigoma Kusasishwa, Soma Kwanza Ilichoandika

Bodi ya ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja yenye Wi-Fi, ikigoma kupokea sasisho, ushauri unaotoka haraka kuliko wote ni ule ule: futa Arduino, ile programu ya kuiandikia msimbo, kwenye laptopu, pakua upya, jaribu tena. Naupinga kwa nguvu zangu zote. Kifurushi cha ESP32 pamoja na zana zake za kukompaili ni mamia ya megabaiti. Kijana anayenunua bando la siku atalimaliza lote kurudisha kitu ambacho hakikuwa na hitilafu, na akishamaliza, bodi imegoma vile vile. Kibaya zaidi amepoteza ushahidi. Toleo lililokuwa likifanya kazi juzi limeondoka, limeingia jipya, na sasa hajui kama anapambana na tatizo la mwanzo au amejiongezea la pili.

Mimi natengeneza vidhibiti vya mashine za kutotolesha vifaranga hapa Dar es Salaam. Vinakwenda kwa wafugaji wa Pwani na Morogoro, vingine vinafika hadi Njombe. Ndani ya kila kidhibiti kuna ESP32 inayosoma joto na unyevu, inayowasha hita na kugeuza trei. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Fimwea, yaani programu inayokaa ndani ya chipu yenyewe, ikiharibika siku ya 18, hata ukiirekebisha jioni hiyo hiyo huwezi kumrudishia mfugaji vifaranga vyake. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Jambo ambalo wanaoanza wengi hawaambiwi ni kwamba ESP32 inazungumza kabla programu yako haijaanza. Kuna sehemu ya kumbukumbu iliyoandikwa kiwandani, ROM, ambayo haifutiki wala haiandikwi upya. Umeme ukiingia, hiyo ndiyo ya kwanza kuamka, na inatuma mistari michache kwenye poti ya seriali, yaani njia inayobeba maandishi kwenda kompyuta kupitia USB, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Hata uandike takataka gani kwenye flashi, kumbukumbu inayohifadhi programu yako, ROM itaamka tu. Kwa sababu hiyo, neno "imekufa" linatumika ovyo sana kwa bodi hizi. Bodi nyingi ninazoletewa zikiitwa maiti zinaandika vizuri kabisa kwenye skrini. Hakuna aliyefungua dirisha la seriali (Serial Monitor ndani ya Arduino) akasoma.

Kwa hiyo fungua dirisha hilo, bonyeza kitufe cha EN kinachoiwasha bodi upya, na usome mstari wa kwanza hadi mwisho. Ukiona boot:0x13, chipu imeanza kwa njia ya kawaida, inatafuta programu kwenye flashi. Ukiona boot:0x3 na chini yake "waiting for download", imekaa mkao wa kupokea. Sasa tazama kinachotokea kompyuta inapolalamika "Wrong boot mode detected (0x13)". Mtu anasoma neno la kosa, anakata tamaa, anaanza kufuta programu. Lakini huo ujumbe una habari njema ndani yake. Kompyuta imejuaje kwamba hali ni 0x13? Imeambiwa na chipu. Maana yake kebo ni nzima, draiva ni nzima, poti ni sahihi, kasi ni sahihi. Kilichokosekana ni kimoja tu: pini ya GPIO0 haikuvutwa chini, yaani haikushushwa hadi volti 0, wakati chipu inaanza.

Kwenye bodi nyingi kazi hiyo hufanywa na transista mbili zinazoongozwa na ishara za DTR na RTS kutoka chipu ya USB. Bodi za bei rahisi wakati mwingine hukosa kapasita ya kutosha kwenye pini ya EN, hivyo chipu inaamka mapema kabla GPIO0 haijashuka. Tiba ya papo hapo ni kushikilia kitufe cha BOOT mpaka maneno "Connecting" yapite. Tiba ya kudumu ni kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10 kati ya EN na GND (ardhi ya bodi). Kijana anayejifunza kwangu aliichomelea moja kwenye bodi aliyokuwa ameiweka kando akisubiri kuitupa, na ikapokea programu bila kuguswa kitufe chochote.

Kuna ujumbe wa aina nyingine mbili ambao nataka kila mtu aujue. Wa kwanza ni "invalid header: 0xffffffff" unaojirudia bila kukoma. Flashi ya aina ya NOR ikifutwa, biti zake zote huwa 1, na baiti yenye biti zote 1 ni FF. Kwa hiyo chipu inakwambia wazi: nimekwenda mahali ninapotarajia kukuta butiloda, ile programu ndogo inayoianzisha yako, nimekuta patupu. Ama flashi ilifutwa na haikuandikwa, ama butiloda imeandikwa pasipo pake. Na hapa ndipo watu wanaohama kutoka chipu moja kwenda nyingine wanapokwama: kwenye ESP32 ya kwanza butiloda hukaa kwenye anwani 0x1000 ya flashi, lakini kwenye ESP32-S3 na ESP32-C3 inakaa 0x0. Amri uliyoinakili kwa mwenzako mwenye bodi ya aina nyingine itakwenda hadi asilimia 100, itakuambia imethibitisha kila kitu, na bodi haitaanza.

Wa pili ni "flash read err, 1000". Huu nilitumiwa picha yake na mteja aliyekuwa ameongeza sensa yake mwenyewe kwenye kidhibiti, halafu sasisho lililofuata likagoma. Aliamini sasisho ndilo lililoharibu. Nikamuuliza sensa ameifunga pini gani. GPIO12. Hiyo pini ESP32 huisoma inapoamka ili kujua flashi ipewe umeme wa volti ngapi. Ikiikuta juu, inaipa flashi volti 1.8 badala ya 3.3, na flashi ya volti 3.3 haiwezi kusomeka hapo. Sensa yake ilikuwa na rezista inayovuta pini juu. Kidhibiti kiliendelea kufanya kazi kwa sababu hakikuwa kimezimwa tangu aifunge; kilipozimwa na kupewa umeme upya baada ya sasisho ndipo pini iliposomwa. Akachomoa waya ule, kikaamka. Kuna amri ya espefuse inayoweza kuilazimisha chipu itumie volti 3.3 milele, lakini inachoma fyuzi za ndani ambazo hazirudi, kwa hiyo mimi huhamisha sensa kwenda pini nyingine.

Bodi ikiwa kimya kabisa, ndipo tunageukia njia inayoiunganisha na kompyuta. Kebo kwanza. Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za data. Kebo nyingi zinazokuja na taa na feni za kuchaji zina mbili tu za umeme. Taa ya bodi itawaka vizuri na kompyuta haitaona kitu. Usibishane nayo, badilisha. Na sasisho likianza vizuri kisha likakatika katikati, shusha kasi kutoka 921600 hadi 115200 kabla hujashuku kitu kingine. Kebo ndefu au nyembamba haivumilii kasi kubwa.

Kwenye Linux kuna mambo mawili. La kwanza linajulikana: mtumiaji awe kwenye kundi la dialout, kisha atoke na kuingia tena, vinginevyo anakataliwa ruhusa ya poti. La pili lilisumbua watu wengi walipohamia Ubuntu 22.04, na nadhani linastahili kuelezwa polepole kwa sababu linaonyesha jinsi sasisho la kitu kimoja linavyoweza kuua kingine kisichohusiana nacho hata kidogo.

Nilikutana nalo kwenye maabara ya chuo kimoja. Kompyuta zote zilikuwa zimepandishwa kwenda 22.04 wakati wa likizo. Wanafunzi wanarudi, wanachomeka bodi zile zile kwa kebo zile zile, hakuna poti. Mwalimu wao alikuwa ameshaanza kuzungumza habari za kuagiza bodi mpya. Tukaendesha dmesg, amri ya kuonyesha taarifa za mfumo, tukachomeka bodi moja na kuangalia mistari ikishuka. Chipu ya CH340, ile ya USB kwenye bodi, inatambuliwa, inapewa jina ttyUSB0, na punde tu unakuja mstari unaosema kiolesura kinashikiliwa na draiva yake, ch341, wakati "brltty" anakitaka, kisha ttyUSB0 inatengwa. Poti ilikuwepo na kuondoka kabla Arduino haijapata nafasi ya kuiona.

Brltty ni programu inayomwezesha mtu asiyeona kusoma skrini kwa vidole kupitia kifaa cha breli. Kuna vifaa vya breli vinavyotumia chipu za USB zile zile za kawaida, vikijitambulisha kwa namba zile zile, 1a86:7523, kama CH340 iliyo kwenye bodi yako. Mfumo unaona namba, unadhani kifaa cha breli kimefika, unakikabidhi. Jibu linalosambazwa kila mahali ni kuiondoa brltty, na kwa laptopu yako binafsi ambayo hakuna anayehitaji breli, linatosha. Lakini kompyuta za chuo ni za watu wote. Sisi tuliacha programu ilivyo, tukafunga tu ile kanuni moja ya udev, sehemu ya Linux inayotambua vifaa vinavyochomekwa, inayotaja namba hizo. Bodi zikaonekana. Mwanafunzi asiyeona akija na kifaa chake kinachotumia chipu nyingine, bado kompyuta itamhudumia. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona maelekezo mengi yanayomwita brltty takataka, na si takataka.

Kwa upande wa Windows, kisa cha kukumbukwa ni cha mwaka 2014. Kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti, inayotengeneza chipu maarufu za FT232 za kugeuza USB kuwa seriali, ilitoa draiva mpya iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na chipu bandia yenye jina la FTDI, iliibadilisha namba yake ya utambulisho kuwa 0, na kuanzia hapo kompyuta haikuitambua tena. Kelele zilikuwa kubwa na draiva ikaondolewa. Mwaka 2016 ikaja nyingine ambayo badala ya kubadili namba iliingiza maneno "NON GENUINE DEVICE FOUND!" kwenye mkondo wa data. Nakubali kabisa kwamba kampuni ina haki ya kulinda chipu yake isighushiwe. Lakini aliyenunua kigeuzi dukani Kariakoo hana darubini ya kuangalia ndani ya chipu, wala muuzaji wake hana, na kigeuzi hicho huenda ndicho kilichoshika mita au mashine ya mtu wa tatu asiyejua lolote. Adhabu ilimwangukia aliye mwisho wa mnyororo. Tangu nijue kisa hicho, kompyuta yangu ya kazi haijisasishii draiva yenyewe. Nasasisha kwa mkono, siku ambayo hakuna mzigo wa mteja mezani.

Umeme nao. ESP32 ikirusha Wi-Fi inaweza kuvuta miliampea 240 kwa mikupuo, na mtengenezaji anashauri chanzo kiweze kutoa 500 angalau. Ukiiweka kwenye kigawanya USB kisicho na umeme wake, pamoja na rilei na skrini, programu itaingia vizuri hadi mwisho, kisha bodi itajiwasha upya mfululizo na kuandika "Brownout detector was triggered". Kama toleo la jana halikuwa linawasha Wi-Fi na la leo linawasha, kila mtu atalaumu toleo la leo. Kuna mstari mmoja wa msimbo unaosambazwa kama dawa, wa kuzima ulinzi huo wa volti. Tafadhali usiutumie. Ulinzi ule upo ili chipu isiendelee kufanya kazi, pamoja na kuandika flashi, ikiwa haina nguvu za kutosha. Kuuzima ni kama kukata waya wa taa ya oili kwenye dashibodi ili uendelee na safari.

Matatizo ya zana zenyewe kubadilika nitayapita haraka, maana mengi yanaonekana wazi ukisoma kosa. Kifurushi cha ESP32 cha Arduino kilipofika toleo la 3.0 mwaka 2024, amri za ledcSetup na ledcAttachPin ziliondolewa, ikaja ledcAttach. Miradi mingi ya kudhibiti feni na taa ikaacha kukompaili siku ile ile. Esptool, zana ya kuandika na kusoma flashi, toleo la 5 imebadili uandishi wa amri, read_flash sasa ni read-flash. Na bodi za Arduino Nano za kunakili bado nyingi zina butiloda ya zamani inayotaka kasi ya 57600, wakati Nano halisi zilibadilika tangu 2018. Ukiona "not in sync", chagua butiloda ya zamani kwenye menyu kabla ya kufanya lingine lolote.

Kabla ya kusasisha bodi yoyote iliyokwisha kufanya kazi, chukua nakala ya flashi yote. Bodi ya megabaiti 4 kwa kasi ya 115200 inachukua kama dakika 6, kwa 460800 dakika moja na nusu. Faili hilo ukilirudisha, bodi inakuwa ilivyokuwa, pamoja na mipangilio yake. Angalizo: kwa kawaida ndani yake mna nywila ya Wi-Fi ya mwenye kifaa ikisomeka wazi, kwa hiyo usilitume kwa mtu yeyote hata akikuomba akusaidie kuchunguza.

Sasa kusasisha kwa mbali, ambako ndiko moyo wangu uliko, kwa kuwa siwezi kupanda basi kwenda Njombe kila nikibadili mstari wa msimbo. Mpangilio wa kawaida wa Arduino kwa flashi ya megabaiti 4 unatenga nafasi mbili za programu, kila moja baiti 1,310,720. Programu inaendesha kutoka nafasi moja huku mpya ikiandikwa kwenye nyingine. Umeme ukikatika katikati ya kupakua, na hapa kwetu utakatika, ile ya zamani haijaguswa. Hata rekodi ndogo inayosema "anza na nafasi ipi" imewekwa kwenye sekta mbili za flashi, ili moja ikiharibika ikiandikwa, nyingine ibaki. Waliobuni hili walifikiria vizuri sana.

Pengo liko kwingine. Butiloda inaweza kurudi kwenye programu ya zamani yenyewe iwapo mpya itaanguka kabla ya kuthibitishwa. Lakini ukitumia Arduino, uthibitisho huo hufanywa kwa niaba yako mapema, kabla hata setup yako, sehemu ya kwanza ya programu, haijaanza. Programu mpya ikianguka sekunde moja baadaye, butiloda imeshaambiwa kwamba ni nzima, na hairudi nyuma. Ili kuizuia lazima uandike funksheni yako ya verifyRollbackLater irudishe jibu la true (kweli), kisha uthibitishe mwenyewe wakati wako. Vidhibiti vyangu havithibitishi mpaka sensa ya joto isomeke, hita iwashwe, joto lionekane kupanda, na kifaa kiwe kimeifikia seva yangu. Hilo la mwisho ni la lazima: programu inayopasha joto vizuri lakini imevunja Wi-Fi itanifungia nje moja kwa moja.

Jingine ni hali ya pini wakati chipu inajiwasha upya. Kwa muda mfupi pini zinaachwa huru, na baadhi yake, kama 5 na 15, hupanda juu zenyewe mwanzoni. Hita haifungwi hapo. Yangu iko kwenye pini tulivu, na transista yake ina rezista inayoishikilia chini ili ibaki imezimwa mpaka programu iseme vingine. Na seva haitumi sasisho kwa kifaa chenye mayai. Mfugaji akishatoa vifaranga anabonyeza kwamba trei ni tupu, ndipo kifaa kinaingia kwenye foleni.

Kilichobaki kunisumbua ni ukubwa. Programu ile ile iliyokompailiwa kwa toleo la 3 la kifurushi cha Arduino inatoka kubwa kuliko kwa toleo la 2, na yangu imezidi ile nafasi ya baiti 1,310,720. Mgao wa flashi hauwezi kubadilishwa kwa usalama ukiwa mbali. Umeme ukikatika wakati jedwali lake linaandikwa, hakuna nafasi ya pili ya kurudi. Kwa hiyo vidhibiti vilivyoko kwa wafugaji vitabaki kwenye tawi la 2.0, na laptopu moja ya karakana imefungwa kwenye tawi hilo, haisasishwi, kazi yake ni kuvikompailia marekebisho tu. Vipya natoka navyo na flashi ya megabaiti 8. Anayeleta cha zamani karakanani kwa matengenezo mengine yoyote, nakigawa upya kwa kebo palepale: natwaa nafasi iliyotengwa kwa mafaili, ambayo sikuwa naitumia, nazipanua nafasi mbili za programu, na kinarudi kwa mwenyewe kikiwa tayari kupokea toleo la 3.